Chaki, Udongo na Makofi: Vidokezo 14 vya Kumkuza Mtoto kwa Sanaa

Mzazi mwenzangu, najua siku yako ilivyo. Asubuhi foleni, mchana kazi, jioni sufuria iko jikoni na mtoto yuko miguuni anakuvuta nguo umtazame. Basi leo hatuongezi kazi juu ya kazi. Tunazitaka zile dakika 10 za kusubiri wali ukauke, tuzifanye dakika za kuchora, kufinyanga, kuimba na kuigiza.

Kwa nini? Kwa sababu ubongo wa mtoto hausubiri siku ya kuanza shule. Akifika miaka 5, ubongo wake umeshakaribia asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima, na unajengwa na kile anachokishika, anachokisikia na watu wanaozungumza naye. Sanaa humpa yote matatu kwa mpigo. Wenye kupanga elimu wanalijua hilo. Mtaala wa Elimu ya Awali wa Tanzania wa mwaka 2016 uliziweka stadi za kisanii bega kwa bega na mawasiliano, afya na hisabati, na kule Kenya watoto wa madarasa ya awali, PP1 na PP2, wana shughuli za ubunifu kwenye ratiba yao. Lakini mwalimu mwenye darasa limejaa hawezi kukaa na wa kwako peke yake. Wewe unaweza, hata kwa robo saa. Na ile ya "mimi sijui kuchora" iache mlangoni, hapa hakuna anayekuomba uchore!

1. Vunja chaki. Ndiyo, zivunje!

Nunua boksi la chaki za ubao, kisha zivunje vipande vifupi vya kama sentimita 3. Mtoto akipewa chaki ndefu huikamata kwa ngumi nzima. Kipande kifupi hakikamatiki hivyo, kinataka kidole gumba, cha shahada na cha kati vifanye kazi pamoja. Huo ndio mshiko wa kalamu, na ameujifunza bila somo, bila kelele, akiwa amechutama kwenye sakafu ya saruji.

Aliye chini ya miaka 3 mpe kipande kirefu na kinene, na ukae naye, maana umri huo kila kitu bado kinapitia mdomoni. Na nikiwa hapohapo niseme jambo linalonikera: mtoto wa miaka 3 kukalishwa ajaze ukurasa mzima wa herufi "a". Sehemu kubwa ya mifupa midogo ya kifundo cha mkono wake bado ni gegedu. Mkono huo unataka kukanda, kuchana, kubana na kuchorachora kwanza. Herufi zitakuja, tena zitakuja nzuri.

2. Pandisha karatasi ukutani

Chukua boksi la televisheni au la biskuti za jumla, lifungue, libandike ukutani au mlangoni usawa wa macho ya mtoto. Umepata ubao! Akichora amesimama, bega lake linafanya kazi, kiwiko kinafanya kazi, na kifundo cha mkono kinajikunja kuelekea juu, vile hasa kinavyotakiwa kukaa wakati wa kuandika. Anayechora kwa kulala juu ya meza hazipati nguvu hizo.

Faida ya pili ni yako: mwenye ubao wake hana haja na ukuta wako.

3. "Nisimulie" inashinda "hii ni nini?"

Mtoto amekuletea karatasi yenye mizunguko myekundu. Ukimuuliza "hii ni nini?", atalazimika kutafuta jibu, na pengine hakuwa anachora kitu. Alikuwa anafurahia mkono wake unavyozunguka. Sema hivi badala yake: "Hebu nisimulie." Au taja unachokiona: "Naona umezungusha mara nyingi hapa, na huku umekandamiza sana, rangi imekolea."

Angalia kinachotokea. Mtoto anaanza kuongea, na katika kuongea anachota maneno: imekolea, nyembamba, pembeni, katikati, juu ya. Maneno ya namna hiyo ndiyo mwalimu wa hisabati atayahitaji kesho, na hakuna pahali rahisi pa kuyapata kuliko juu ya mchoro wake mwenyewe. Ukiwa na haraka sentensi moja inatosha, ilimradi umetazama kweli. Watoto wanajua jicho linalotazama na jicho lililo kwenye simu.

4. Mtu mwenye miguu kichwani ni habari njema

Kwenye umri wa miaka 3 hivi hadi 4 utaletewa mtu wa ajabu: duara kubwa, macho mawili, halafu miguu inachomoza kwenye kidevu. Tumbo halipo. Usimsahihishe! Mtu huyo huchorwa Tanga, Kisumu, Tokyo na kwingineko.

Rhoda Kellogg, mwalimu wa chekechea wa Marekani, alikusanya michoro ya watoto ipatayo milioni moja kutoka nchi nyingi, na mwaka 1969 akatoa kitabu kinachoichambua. Alitambua aina 20 za mikwaruzo ya mwanzo, na akaonyesha kuwa watoto wa nchi mbalimbali hupita njia moja: mikwaruzo, kisha maumbo, kisha maumbo yanaunganishwa, kisha duara linaota macho na miguu. Kwa makadirio, mikwaruzo huanza karibu na mwaka mmoja na nusu, duara lililofungwa hupatikana kwenye miaka 3, alama ya kujumlisha kwenye miaka 4, na pembetatu kwenye miaka 5. Mmoja hutangulia, mwingine hufuata, wala si mashindano ya majirani.

Sasa angalia vizuri duara hilo. Ili alifunge, mtoto lazima aanze mahali, azunguke, na ajue pa kusimama. Herufi o, a, d na b zote zimekaa humo. Kwa hiyo akikuletea duara lake la kwanza lililofungwa, piga kigelegele.

5. Weka pipi mfukoni

Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote, kwa hiyo nivumilie nikisimulie kirefu kidogo.

Mwaka 1973 watafiti watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichapisha jaribio walilolifanya kwenye chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford. Waliwachagua watoto wa miaka 3 hadi 5 ambao tayari walikuwa wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi la kwanza liliahidiwa cheti chenye nyota na utepe endapo watachora. Kundi la pili lilichora kwanza, kisha likapewa cheti hichohicho kwa kushtukizwa. Kundi la tatu halikupewa kitu. Baada ya wiki moja hadi mbili kalamu zikawekwa tena mezani darasani, safari hii bila ahadi yoyote. Unadhani nani alizikimbilia? Watoto walioahidiwa cheti walichora kwa kama nusu tu ya muda waliotumia wenzao. Ile ahadi ilikuwa imeugeuza mchezo kuwa kibarua, na kibarua kisicho na malipo nani anakitaka?

Kwa hiyo "ukichora vizuri nitakununulia soda" inamharibia mtoto furaha aliyokuwa nayo bure. Mpe soda siku nyingine, kwa sababu nyingine. Akimaliza kuchora, thawabu yake iwe wewe kuketi na kutazama. Na sifa nazo ziende kwenye kazi aliyoifanya: "Umekaa na picha hii muda mrefu", "Umechanganya rangi mbili ikatoka ya tatu, ulifanyaje?" Maneno hayo humrudisha mezani kesho. "Wewe ni msanii bora kuliko wote" humtia hofu ya kukosea, na anayeogopa kukosea huchora nyumba ileile kila siku.

Ukiwa na watoto wawili, usiwashindanishe michoro. Wa miaka 5 atashinda siku zote, na wa miaka 3 ataacha.

6. Donge la unga kwa dakika tano

Changanya vikombe 2 vya unga wa ngano na kikombe 1 cha chumvi. Tia vijiko 2 vya mafuta ya kula, kisha maji ya uvuguvugu kidogo kidogo ukikanda, mpaka donge liache kunata mikononi. Limekwisha! Likifungiwa kwenye kopo lenye kifuniko linadumu siku kadhaa. Chumvi nyingi hivyo si ya kuliwa, kwa hiyo mdogo anayeonja kila kitu akae pembeni yako.

Kama unga ndio wa chapati za kesho, udongo wa mfinyanzi unafaa vilevile, na kwangu mimi ni bora zaidi kwa sababu ni mgumu kiasi na unazifanyisha kazi misuli ya vidole. Uchote mbali na mitaro na vyoo, ondoa mawe na mizizi, ulowanishe, uupigepige. Mtoto afinyange chungu, ng'ombe, vitumbua vya kuuza. Kisha mikono ioshwe kwa sabuni.

Ujanja kwa aliyechoka kabla hujachoka wewe: mpe kitu kimoja cha kuongezea, kama kifuniko cha chupa cha kukatia maumbo au uma wa kuchorea mistari. Mchezo unaanza upya.

7. Duka la rangi liko jikoni kwako

Pika uji wa rangi: kikombe 1 cha unga wa ngano kwa vikombe 3 vya maji, koroga ukiwa baridi kisha weka motoni mpaka uzito uje. Ukipoa gawa kwenye vifuniko vya makopo. Manjano ya unga inatoa njano kali, maji ya bitiruti yanatoa waridi, mkaa uliotwangwa na kulowekwa unatoa nyeusi. Tumia siku hiyohiyo, usiulaze.

Sasa kata bamia kwa kukingama, ichovye, igandamize kwenye karatasi. Nyota! Kitunguu kilichokatwa katikati kinatoa duara ndani ya duara, na kiazi unaweza kukichonga umbo lolote. Tahadhari mbili tu: bitiruti haisameheki kwenye nguo nyeupe, na rangi za mafuta za mageti na kuta zisimfikie mtoto kabisa, kwani baadhi zina madini ya risasi.

8. Piga makofi kwa silabi

Hapa Kiswahili kimetupendelea. Maneno yetu yanakatika vipande safi, na mwalimu wa darasa la kwanza atamfundisha mtoto wako kusoma kwa kuviunga vipande hivyohivyo. Basi anza nyumbani, kwa makofi. Ju-ma, makofi mawili. Re-he-ma, matatu. A-bu-ba-ka-ri, matano, na kila mtu anacheka. Mtoto akishapata raha, mletee maneno yenye mtego: m-to-to ni makofi matatu, maana ile "m" ya mwanzo inasimama yenyewe. Ndi-zi ni mawili tu.

Huo ni mchezo wa kwenye daladala, matatu, foleni ya kliniki au kumsubiri kinyozi. Hauhitaji kifaa wala senti. Na una nguvu kweli, kwa sababu watafiti wa usomaji wameonyesha kwa miaka mingi kwamba mtoto anayezisikia sauti zinazolijenga neno hujifunza kusoma kwa wepesi kuliko asiyezisikia.

Ukiwa nyumbani panua ngoma: ndoo iliyopinduliwa, miiko miwili, kopo lenye punje za mahindi lililofungwa kwa gundi imara. Piga mdundo mfupi, naye aurudie. Kisha yeye atunge, wewe urudie. Kuupokea mdundo na kuurudisha kunamfundisha kusikiliza, kukumbuka na kusubiri zamu yake, mambo matatu ambayo kila mwalimu wa awali angependa mtoto aje nayo siku ya kwanza. Michezo yetu ya kuzunguka kwa kushikana mikono, na ile ya kupigiana viganja huku mnaimba, inafanya kazi hiyohiyo. Mwombe bibi au shangazi awafundishe ya kwao. Atafurahi kuombwa.

9. Kanga ni kitabu kikubwa cha picha

Tandaza kanga kitandani. Mwonyeshe pindo linalozunguka pande zote, mji ulio katikati, na jina lililoandikwa chini. Halafu mchezo uanze. Tafuta duara. Hesabu maua ya kona. Ua hili linafuatwa na nini? Na baada ya hapo? Mtoto anayeweza kubashiri kitakachofuata kwenye pindo la kanga ameanza hisabati, kwa kuwa hisabati kwa sehemu kubwa ni kuona mpangilio na kuuendeleza.

Ukimaliza mwache achore kanga yake: karatasi moja, pindo pembeni, mji katikati, na jina atakalolitunga yeye ukamwandikia. Majina ya watoto huwa matamu ajabu.

Kama bibi anasuka mkeka, hapo una mwalimu kamili. Kata karatasi za kalenda ya mwaka jana vipande virefu vya rangi mbili, mtoto asuke juu, chini, juu, chini. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyeanzisha chekechea yake ya kwanza mwaka 1837, aliwapa watoto kazi hiyohiyo ya kusuka karatasi. Wasuka ukili wa Pemba hawakuhitaji kuambiwa.

10. Andika hadithi yake, kisha igizeni

Vivian Paley, mwalimu wa watoto wadogo mjini Chicago, alikuwa na utaratibu rahisi mno. Mtoto anasimulia hadithi, mwalimu anaiandika kama ilivyotoka, na baadaye darasa zima linaiigiza, mwenye hadithi akichagua awe nani. Basi. Aliandika vitabu kadhaa juu ya yale aliyoyaona watoto wakisimulia na kucheza, na walimu wa nchi nyingi wakaiga.

Kwako wewe inakwenda hivi. Baada ya chakula sema "Paukwa!" na mtoto ajibu "Pakawa!", ila safari hii msimuliaji ni yeye. Chukua daftari, andika anachosema, neno kwa neno, taratibu, akikuona. Hadithi ya mtoto wa miaka 4 inaweza kuwa sentensi mbili: simba alikuja, akala ugali wa baba. Usiirefushe, usiipambe, usiiongezee funzo. Isome kwa sauti uelekeze kidole kwenye maneno. Hapo utauona uso wake: ameelewa kwamba maneno yaliyotoka kinywani yanaweza kukaa kwenye karatasi na kurudi vilevile. Kwa mtu anayekaribia kujifunza kusoma, huo ni ugunduzi mkubwa.

Sasa igizeni. Baba awe baba mwenye ugali, kaka awe ugali wenyewe, mwenye hadithi awe simba. Dakika mbili zimetosha. Katika dakika hizo mtoto amepanga tukio, amegawa nafasi, amesubiri zamu, na amevaa moyo wa mwingine. Mtoto mwenye aibu ambaye hasemi mbele ya wageni mara nyingi husema akiwa simba. Na mtoto aliyeogopa sindano kliniki ataigiza daktari wiki nzima, akimchoma mdoli, mto na wewe. Mwache achome. Anaitoa hofu yake kwa njia yake, na ni njia nzuri.

Hili nalifanyia kampeni popote ninapopata nafasi: daftari moja la hadithi kwa kila mtoto. Bei yake haizidi ya chips.

11. Mkono wa kushoto mwachie

Karibu mtu mmoja kati ya kumi hutumia mkono wa kushoto. Adabu ya kula kwa mkono wa kulia mfundishe kama mila zenu zinavyotaka, lakini kwenye kalamu, chaki na mkasi mwache atumie ule ubongo wake uliouchagua. Ukimlazimisha kuhama unampunguzia wepesi na furaha kwa wakati mmoja. Mwombe na mwalimu amwachie.

12. Mshirikishe dada, na babu pia

Anayeshinda na mtoto ndiye anayemkuza. Kama ni dada wa kazi, kaa naye Jumapili dakika 20, mwonyeshe boksi la ukutani, chaki fupi na mchezo wa makofi. Mwambie waziwazi kwamba kucheza na mtoto ni kazi, na vyombo vikichelewa kidogo kwa ajili hiyo hakuna ugomvi. Kauli hiyo moja inabadilisha siku nzima ya mtoto.

Itasaidia pia kupunguza katuni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa 1 kwa siku mbele ya skrini, na aliye chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele yake kabisa. Chaki na ndoo vikiwa karibu, saa hiyo moja inalindika.

Babu je? Babu anajua kutengeneza gari la waya lenye magurudumu ya vizibo. Mpe waya.

13. Pitia kwa fundi

Fundi cherehani ana mfuko wa vipande vya vitambaa anavyotaka kuvitupa. Seremala ana vipande vya mbao. Visugue kwa msasa visiwe na vibanzi. Muuza duka ana maboksi. Omba kwa heshima, na umpeleke mtoto akaombe mwenyewe: "Shikamoo fundi, naomba vipande." Hapo ameshapata somo la lugha na adabu kabla ya gundi kufunguliwa.

Na mwache asimame atazame fundi anavyofanya. Watoto hupenda sana kuona mikono ya wakubwa kazini. Ukiwa Dar es Salaam mpeleke Oysterbay kwa wachoraji wa Tingatinga, umwambie kwamba Edward Saidi Tingatinga alianza kwenye miaka ya 1960 kwa vipande vya ubao na rangi ya kupakia baiskeli, vitu vilivyokuwa karibu naye. Wachongaji wa Kimakonde wako Mwenge. Ukiwa Lamu, wachonga milango wanafanya kazi yao hapohapo mjini. Uliza bei ukitaka, nunua ukiweza, lakini kutazama kwa adabu hakulipiwi. Mkirudi nyumbani mtoto apewe udongo au chaki siku hiyohiyo, wakati macho yake bado yamejaa.

14. Kamba, vibanio na tarehe

Kwenye mji wa Reggio Emilia, Italia, vita vilipokwisha mwaka 1945, wazazi wa kijiji cha karibu waliuza kifaru, malori na farasi vilivyoachwa na jeshi la Wajerumani, na kwa fedha hizo wakaanza kujenga shule ya watoto wadogo. Mwalimu Loris Malaguzzi akaungana nao. Shule zilizotokana na juhudi hizo zinajulikana dunia nzima kwa mambo mawili: kila moja ina karakana ya sanaa, na walimu hurekodi kwa makini watoto wanachofanya na wanachosema.

Hilo la pili halikushindi. Funga kamba ukutani sebuleni, tundika michoro kwa vibanio vya nguo, chini kidogo, mtoto aione bila kubebwa. Nyuma ya kila karatasi andika tarehe, umri wake, na sentensi moja aliyoisema alipokuwa akichora. Ukijaza kamba, keti naye achague mchoro mmoja wa mwezi wa kuhifadhi kwenye bahasha kubwa. Mingine ipige picha kwa simu kabla haijapisha mipya. Mwisho wa mwaka imwageni bahasha hiyo mkekani, muipange kwa tarehe, umwache yeye akusimulie alivyokuwa akichora zamani, alipokuwa "mdogo".